Uso Umehifadhiwa kwa Heshima

Jumatatu, 4 Agosti

Fedheha! Bwana Gyabaah amerudishwa. Mzima mzima, kwa teksi, kabla hata wali haujapakuliwa. Mjane mmoja wa Obuasi alimkodi amsindikize kwenye msiba wa shemeji yake, baada ya kuiona picha. Kwenye picha kuna mwanamume mrefu mwenye nywele nyingi. Aliyeshuka garini hakuwa na nywele, na urefu sijui aliuacha wapi. Yule mama alipiga simu akamwambia Shangazi kwamba aliagiza mwenzi wa siku moja, hakuagiza babu.

Niandike wazi, maana shajara ni mahali pa ukweli. Shangazi Dufie, dada wa baba, ana biashara ya wasindikizaji. Jina lake ni Usikae Peke Yako. Mtu mzima asiye na wa kwenda naye msibani au harusini anakodi mtu mzima mwenzake. Wanakaa pamoja, wanasalimia watu, wanakula, kila mmoja anarudi kwake. Ni hayo tu. Watu wa mji wetu, Asuoyaa, wana midomo, lakini kanuni saba za Shangazi zimebandikwa ukutani, na ya kwanza inasema kusindikiza huishia langoni.

Jioni kikao barazani. Wasindikizaji tisa. Shangazi kasema kuanzia leo picha ni za kweli, za wiki hii, bila ujana wa kuazima. Zogo! Dada Birago, ambaye ni muuguzi, amesema Jumamosi iliyopita alikuwa mchumba wa mhandisi asubuhi na binamu wa mfanyabiashara wa mbao mchana, barabara mbili tu kati yao. Uso wake ukisambaa kwenye simu za watu itabidi ahame mji.

Ndipo akasema Mjomba Asamani, na wote wakanyamaza, maana ndivyo inavyokuwa akisema. (Si mjomba wangu wa damu, ila mtaa mzima unamwita hivyo.) Baba yake, Mzee Marfo, alikuwa msemaji wa Nana, malkia mama wetu. Alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo fimbo ya usemaji imelala bila mwenyewe. Jumatatu ijayo Nana atamtaja wa kupewa. Mjomba alimbebea baba yake kigoda akiwa mtoto, na hajawahi kutaka kitu kingine duniani. Lakini Nana hawapendi watu wa kukodi. Mwaka jana aliwatoa msibani waliaji wa kulipwa, na leso zao mkononi.

"Uso wangu ukionekana," Mjomba akasema, "fimbo imekwenda."

Shangazi akauliza nani anaweza kupiga picha inayosema kweli bila kumtaja mtu. Binamu yangu Tawia akainua mkono, na ndani ya mkono simu yenye macho matatu. Mimi pia niliinua. Mkono ukafika sikioni, haya zikanishika, nikajikuna. Tawia akaniambia mbele ya watu wote nikaoge.

Nimemwandikia Shangazi barua ya ukurasa mmoja nikaipitisha chini ya mlango wake. Amenijibu kwa sauti iliyofika kwa majirani: "Haya Abrafi, na wewe jaribu! Ila acha kuniandikia barua, tunaishi nyumba moja!" Atachagua picha Alhamisi, na zitatumwa Ijumaa saa sita, maana watu huagiza wasindikizaji Ijumaa.

Swali linalonisumbua: picha bila uso ni kweli au si kweli? Sijui. Nitapima.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepima. Nimetumia rula ya hesabu na kioo cha mama. Uso wangu ni sentimita kumi na tisa. Mimi mzima ni mia moja hamsini na saba. Kwa hiyo uso ni moja ya nane ya mtu. Ukiuficha, ukweli unaobaki ni saba ya nane. Mtihani wa taifa wenyewe hautaki alama nyingi hivyo!

Mpango wa Kwanza: migongo. Sababu ya kitaalamu ni kwamba mgongo ni mpana. Sababu halisi ni kwamba nikimtazama mtu mzima usoni natetemeka, na picha inatetemeka pamoja nami. Akigeuka, sote tunapumua. Nimepiga migongo tisa. Dada Birago, akiwa amegeukia ukuta, aliuliza amefanya kosa gani.

Shangazi amezitazama akiigeuza simu huku na huku. Anasema wote wanaonekana wanaondoka. Mteja atadhani keshawaudhi kabla hajawaagiza. Halafu jirani yetu aliyekuwa anatwanga fufu akachungulia juu ya ukuta na kuwataja watano kati ya tisa kwa visogo vyao, bila kuacha kutwanga.

Tawia kawavalisha wote miwani ya jua. Wanafanana na watu waliotumwa kumnyang'anya mtu gari. Shangazi alisema hata yeye ameogopa, na wao ni marafiki zake.

Sifuri kwa sifuri. Nalala nikiwa na furaha kidogo.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa Pili: maafa ya mafuta.

Nina kitabu cha maktaba kuhusu upigaji picha. Kurasa za arobaini na moja hadi sabini hazimo. Ukurasa wa arobaini unaishia hivi: "Ukungu mzuri wa kuficha sura hupatikana kwa kupaka mafuta kidogo kwenye". Ukurasa wa sabini na moja unaanza na habari za chumba cha giza. Kwenye nini? Nilifikiri kwa muda wa saa nzima. Nikapaka mafuta ya shea kwenye jicho la simu. Kwa uhakika zaidi, nikapaka simu yote.

Simu ni ya mama.

Dada Birago ametoka kama muhogo katikati ya kutwangwa. Bwana Gyabaah hakutoka kabisa. Mama ameniita kwa majina yangu yote matatu, jambo ambalo halijatokea tangu ubatizo. Nimeosha vyombo vya nyumba nzima na sufuria mbili za jirani.

Tawia naye kawabandikia vichwa vya wanyama kwa simu yake. Bwana Gyabaah amekuwa paka. Amecheka hadi kukohoa na anataka achapiwe aitundike sebuleni. Shangazi amemwuliza Tawia kama hapa tunasindikiza watu au tunafuga.

Jioni Mjomba Asamani alikuja kuangalia tumefikia wapi. Alinikuta kwenye ngazi nafuta simu kwa kitambaa. Akakaa. Goti lake la kushoto hulia akikaa, kama mlango wa stoo. Akanisimulia kwamba mkewe alipofariki, mwaka mzima alikuwa akienda misibani anakaa mwisho wa benchi, na nafasi ya pembeni yake inabaki tupu kana kwamba ina unyevu. Siku Shangazi alipomwomba akakae na mtu mwingine mpweke, aliona hiyo si kazi, ni kupona. Ndiyo maana hawezi kuiacha. Na fimbo pia hawezi kuiacha. Anaogopa atapoteza kimoja kwa ajili ya kingine.

Nilitaka kumwambia jambo la faraja. Nilimwambia kwamba uso ni moja ya nane tu ya mtu.

Akafikiri. Akasema, "Basi mwanangu, nifiche. Lakini usinipunguze."

Sikuelewa sawasawa. Nimeiandika, nitaielewa baadaye.

Alhamisi, 7 Agosti

USHINDI!

Mpango wa Tatu: kuanzia kidevu kwenda chini. Rahisi kiasi cha kuchekesha! Watu wanaangalia mbele, hawaondoki. Hawana miwani, hawana mafuta, si paka. Na vichwa vyao ninaviacha nje ya picha, kwa hiyo siwatazami usoni, kwa hiyo sitetemeki.

Nimewaomba, kwa karatasi, wavae wanavyovaa kwelikweli wakienda kazini. Hapo ndipo ukweli ulipo. Dada Birago kaja na rangi nyeusi tupu. Bwana Gyabaah kaja na shati lililopigwa pasi upande mmoja. Mjomba Asamani kaja na kitambaa chake kizuri kuliko vyote, kile cheupe na cheusi chenye maduara, ambacho familia yao ilikiagiza kiwandani kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja ya Mzee Marfo. Kakivaa vizuri mno. Bega la kushoto limefunikwa, la kulia liko wazi, na mikunjo yote inaanguka inavyopaswa. Nilipiga picha moja tu. Haikuhitaji ya pili.

Chini ya kila picha nimeandika maelezo. Haya ni ya Mjomba:

"Mwanamume, miaka 61, kimo cha kati, tumbo la heshima. Husalimia kuanzia kulia kwenda kushoto bila kumruka mtu. Hulia kimya. Hachezi ila aombwe mara tatu. Goti la kushoto hutoa sauti akikaa. Uso umehifadhiwa kwa heshima."

Shangazi kasoma mara mbili. Akasema, "Huyu mtoto!" na kunipiga begani kwa nguvu hadi nikameza kipande cha embe kilichokuwa mdomoni bila kutafuna. Kila mtu kaitazama ile picha. Shangazi kaitazama. Dada Birago kaitazama. Mjomba mwenyewe kaitazama, akasema kumbe bado ana mabega. Tawia kaitafutia kasoro kwa dakika tano na hakuipata, ila aliuliza kama habari ya goti ni lazima. Nikamjibu kwamba ukweli ni ukweli. Nilimjibu kwa sauti! Sentensi nzima!

Mimi ndiye mpiga picha rasmi wa Usikae Peke Yako.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa sita kamili Shangazi kazituma kwenye kundi la simu lenye watu mia tatu na kumi na mbili. Kufikia saa sita na nusu, maagizo matano! Nimekula waakye, wali wa maharage, sahani mbili. Nimeanza kufikiria kama nisome upigaji picha chuo kikuu au sheria, au vyote.

Saa saba ukaingia ujumbe usioeleweka. "Huyu mzee si alifariki? Mimi nilikula msiba wake."

Nikajibu kwa adabu: "Uso umehifadhiwa kwa heshima."

Ukaingia mwingine: "Jamani Usikae Peke Yako, sasa mnakodisha hadi marehemu? Kwa saa au kwa siku?"

Nikajibu: "Uso umehifadhiwa kwa heshima."

Wa tatu: "Kama ni yeye kweli, hebu aulizwe alipoweka karatasi za mpaka wa shamba letu."

Nilichanganyikiwa. Marehemu gani? Nilisimama na watu tisa, wote walipumua, mmoja alipiga chafya. Kadiri nilivyojibu ndivyo walivyozidi kucheka. Mtu kajibu, "Dada, mbona umehifadhi mmoja tu?"

Shangazi akatoka ndani. Akaniwekea simu mbele ya macho na kuikuza picha ya Mjomba kwa vidole viwili. Maduara yakakua. Ndani ya kila duara, chini ya utepe wenye jina, kulikuwa na Mzee Marfo. Kavaa taji lake la usemaji, kashika fimbo, anatazama mbele.

Kifuani Mzee Marfo. Tumboni Mzee Marfo. Kwenye kila mkunjo nusu Mzee Marfo. Nimehesabu. Nyuso ishirini na tatu.

Tuliwezaje wote kutoona? Nimekaa chooni nikilifikiria. Kila Jumamosi ya maisha yangu nimewaona marehemu kwenye vifua vya watu, migongoni mwao, kwenye mifuko, kwenye feni za mkono. Macho yamezoea kuwapita kama yanavyoyapita maua ya kitambaa. Na si hilo tu. Kitambaa hicho kilikatwa kwa familia moja. Katika familia hiyo, tumbo la heshima ni moja. Na Mjomba na baba yake wamefanana hadi kwenye fundo la katikati ya nyusi. Nilificha uso mmoja, nikaweka uleule mara ishirini na tatu!

Tumeifuta. Tawia anasema imeshafika kundi la kwaya, kundi la wauza saruji, na kundi la watu wetu walioko Hamburg.

Mjomba alikuja saa kumi. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Baba ametoka vizuri," akasema.

Akaomba maji. Akayashika, hakuyanywa, akaenda zake.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikulala. Lakini akili haikulala pia, na alfajiri ikaja na Mpango wa Nne.

Tangazo la kusahihisha! Ugumu ni kwamba sitaki kusema uongo. Siwezi kuandika kwamba si Mjomba, maana ndiye. Lakini kuomba si uongo. Kuomba ni kuomba tu. Nimeandika rasimu sita na hii ndiyo niliyoituma kwa simu ya Shangazi alipokuwa anaoga:

"Tunauomba umma kwa heshima usiihusishe picha ya jana na Mzee Asamani wa nyumba ya lango la kijani, nyuma ya mashine ya kusaga, mtoto wa pili wa Mzee Marfo, anayetarajiwa kutajwa Jumatatu kuwa mwenye fimbo."

Lilionekana zuri sana. Lilikuwa na mkato mahali pake.

Tawia alilisoma akaegemea ukuta. Akateleza hadi chini. "Wewe Abrafi, watu walikuwa wanakisia! Umewapeleka mpaka langoni!"

Sielewi. Niliwaomba WASIIHUSISHE.

Saa tisa akaja mjumbe wa Nana. Alisimama mlangoni, hakukubali kukaa wala kunywa. Mjomba Asamani anatakiwa mbele ya Nana Jumatatu saa tatu. Pamoja na aliyepiga picha.

Shangazi akanitazama. Tawia akanitazama. Mimi nikatazama nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani nimeomba homa. Nimepima mara nne. Sina.

Nimeandika hotuba ya kurasa nne. Inaanza na historia ya kamera. Shangazi amenikumbusha kwamba kwa Nana mtu hasomi karatasi, na wala Nana mwenyewe hazungumzi na mtu ana kwa ana. Yeye humwambia msemaji, na msemaji humwambia mtu. Nikauliza kama naweza kumwandikia msemaji barua. Shangazi akatoka chumbani.

Mjomba hajatoka nyumbani tangu jana. Jana hakwenda msibani kokote, Jumamosi yake ya kwanza ndani ya miaka miwili. Mama mmoja aliyekuwa akae naye alikaa peke yake. Amempigia Shangazi, hakulalamika, aliuliza tu kama yule mzee ni mgonjwa.

Tawia amesema atakuja nami kesho. Nikaguswa. Akasema atakaa nyuma yangu ili nikizimia aidake simu ya mama.

Jumatatu, 11 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Ua wa Nana umefagiwa hadi unaona aibu kuukanyaga. Tulivua viatu. Mjomba alikuja na chupa ya pombe kali ya Uholanzi ya kuombea radhi. Tawia alininong'oneza utaratibu: chupa ikipelekwa ndani na kurudi, umekataliwa. Isiporudi, umepokewa. Mpwa wa Nana aitwaye Nti, anayekaimu usemaji, akaichukua chupa na kuiweka chini.

Nana ni mdogo kuliko nilivyodhani. Kiti chake ni kikubwa. Alisema kitu kwa sauti ya chini, kirefu sana, nadhani kilikuwa na mifano. Nti akatugeukia.

"Nana anasema kwa nini," akasema.

Ndivyo Nti anavyosemea. Hupunguza.

Kisha akauliza nani kapiga picha. Nikasimama. Nikafungua mdomo kwa ajili ya ukurasa wa kwanza, historia ya kamera. Ikatoka hewa. Nikafungua tena. Hewa. Watu wakaanza kutazamana.

Mjomba Asamani akainama upande wangu na kunitegea sikio. Ninavyomnong'oneza mama ninapotaka ruhusa ya kwenda choo, ndivyo nilivyomnong'oneza. Nilisema, "Nilisahau kuwa marehemu wana nyuso."

Mjomba akanyooka. Akakiweka sawa kitambaa begani. (Leo kilikuwa cha bluu, hakina mtu.) Akasema:

"Nana, mtoto huyu anasema: jicho lake lilikuwa linawalinda walio hai, usiku na mchana, hata likasahau kwamba waliolala nao wanataka kustiriwa. Anapiga magoti mbele yako na mbele ya Mzee Marfo."

Sikuwa nimepiga magoti. Nikapiga haraka.

Nana alisogea mbele kidogo kwenye kiti. Akasema kitu kirefu. Nti akasema, "Na tangazo?"

Nikamnong'oneza Mjomba kwamba niliomba wasiihusishe, na bado sielewi. Mjomba akasema, "Anasema alitaka kuufunga mlango, Nana, na kwa haraka akaufungia nje ya nyumba mwenye nyumba. Lakini anasema hivi pia: katika yote aliyoandika, hakuna neno la uongo."

Nana akamnong'oneza Nti. Nti akaonekana hana hakika kama aseme. "Nana anauliza, goti linalia kweli?"

Mjomba alikuwa amesimama muda wote. Akamwomba radhi Nana, akakaa.

Lililia. Lilisikika hadi jikoni. Mama mmoja huko nyuma akasema, "Ee!" Nana akajifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa, na mabega yake yakatikisika.

Halafu akaacha kucheka. Safari hii hakumpitia Nti. Alimtazama Mjomba moja kwa moja, na watu wote wakatazama chini, maana jambo hilo halifanyiki.

"Asamani. Umelipwa ulie?"

"Nimelipwa nikae, Nana," Mjomba akasema. "Kulia ni kwangu."

Nana akainuka, akaingia ndani. Nti akaichukua chupa akamfuata.

Tukakaa. Tukangoja. Nikamwuliza Tawia maana yake nini. Akasema tungoje chupa. Jua likahama kutoka miguu yangu hadi magoti. Nikauliza labda wameisahau? Labda Nti haijui njia ya kutokea? Nilitaka kwenda kuwakumbusha. Tawia akanikamata nguo.

Chupa haikurudi.

Nikageuka kumwuliza Mjomba kama ana njaa. Alikuwa analia. Machozi yanashuka hadi kidevuni, na hakuna sauti hata kidogo.

Hulia kimya. Nimefurahi kuona kwamba maelezo yangu yalikuwa sahihi.

Jumanne, 12 Agosti

Mjomba Asamani atapokea fimbo mwezi ujao. Nti kaja kusema, kwa maneno matatu, kisha akaongeza la nne, kwamba amefurahi kupumzika. Sharti la Nana ni moja: msemaji wake hakodiwi. Mjomba kamwambia Shangazi kwamba Jumamosi ataendelea kwenda kukaa na yule mama wa peke yake, bila malipo, maana kukaa bure si kukodiwa. Shangazi anasema hilo litamwua yeye kibiashara, na akampikia fufu kwa mchuzi wa karanga.

Na Nana katuma ujumbe mwingine, wa siri. Mwisho wa mwezi ana msiba Mampong, na anataka wa kukaa naye. Mwanamke, asiye na maneno mengi. Anaomba picha. Ya kweli, lakini ya kustiri.

Shangazi alitaka kumpa Tawia kazi hiyo. Nilimwandikia barua.

Ameisoma, akaketi, akashika kichwa, kisha akasema mara ya mwisho, Abrafi, ya mwisho kabisa, na safari hii fikiri.

Nimefikiri! Kosa lilikuwa wazi. Lilikuwa vitambaa. Kwa hiyo Mpango wa Tano hauna vitambaa, wala vichwa, wala migongo. Mikono tu! Mikono ni kweli tupu. Inaonyesha umri, kazi, na tabia. Nimempiga picha Dada Birago mikono yake miwili juu ya meza yetu, karibu kabisa, kwa mwanga wa dirisha. Kucha zimekatwa vizuri, ngozi safi.

Mikono mitupu ilionekana haina la kufanya, kwa hiyo nimempa ashike kitu kinachohusiana na kazi yenyewe: zile risiti anazopewa kila akitoa mchango msibani, akizitandaza kama pepeo, ili Nana aone kwamba ni mtu anayehudhuria kwelikweli. Zimetoka safi ajabu. Jina la mchangaji, Dada Birago, linasomeka kwenye kila moja, hata tarehe, hata jina la mwanamume aliyekuja naye.

Nimeituma saa sita kamili, kwa Nana, na kwenye kundi pia ili watu waone kwamba tumejirekebisha.

Hakuna uso hata mmoja. Nimehesabu mara mbili.